Bunduki ya marehemu baba kwanza, bastola baadaye

Swali: "Shikamoo Afande. Nina miaka 34, nanunua mpunga na kuuza mchele hapa Igurusi, na pembeni ya mashine ya kukoboa nina kibanda cha wakala wa miamala. Msimu wa mavuno natoka na fedha taslimu, milioni nane mpaka kumi na mbili, natia kwenye mkoba, napanda bodaboda hadi mashambani. Juzi mwenzangu kasimamishwa njiani na vijana wawili wenye mapanga, kanyang'anywa zote. Nimeangalia video za Marekani: mfanyabiashara mdogo kama mimi anaomba kibali cha kubeba bastola kwa kificho, anahudhuria darasa siku moja, anapewa. Na sisi Tanzania kibali hicho kipo? Naanzia wapi, na kinachukua muda gani? Nikiwa mashambani ningeibeba mwenyewe, nikisafiri Dar abaki nayo mume wangu dukani. Halafu jambo dogo: bunduki ya marehemu baba ipo kwa mama, Chimala, tangu baba afariki mwaka 2021. Ilikuwa na leseni. Naweza kuitumia hiyo wakati nasubiri?"

Jibu:

Marahaba mwanangu. Bastola umeieleza kwa kirefu, bunduki ya baba ukaiwekea mistari miwili, tena ukaiita jambo dogo. Miaka niliyokaa kwenye meza ya silaha, ofisi ya polisi ya wilaya, nilizoea kuona hivyo: mtu anakuja na swali mkononi, na lile la hatari kaliacha mfukoni. Nianze na la mfukoni.

Hapana, huwezi kuitumia. Na kwa leo hata kuishika usiishike. Leseni ya silaha ni ya mtu mmoja kwa jina lake na kwa silaha moja yenye namba yake. Shamba mnarithi, ng'ombe mnarithi, na hata thamani ya hiyo bunduki inaingia kwenye mirathi kama mali nyingine. Ruhusa ya kuimiliki hairithiwi. Baba alipofariki, leseni yake iliishia hapo, na tangu hapo ndani ya nyumba ya mama yako kuna silaha ambayo hakuna hata mmoja wenu mwenye ruhusa ya kukaa nayo. Sheria inayotawala mambo haya ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015. Kukutwa na silaha bila leseni ni kosa ambalo upande wa mashtaka hulifungua likisomwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, na huko adhabu inahesabiwa kuanzia miaka 20 hadi 30 jela. Mama wa watu hajui hili. Kwake ile ni kumbukumbu ya mume wake, imeegemea ukuta nyuma ya kabati, imefungwa kwenye kanga.

Sasa, kosa ambalo watu wema hulifanya wakishaambiwa hivyo ni kuichukua bunduki usiku huohuo, kuitia kwenye gunia na kupanda nayo bodaboda kuipeleka kituoni. Usifanye hivyo hata kidogo. Mkisimamishwa njiani kwenye kizuizi, wewe ni mtu mwenye silaha isiyo yake ndani ya gunia, na maelezo yako ya kwamba ulikuwa unakwenda kuisalimisha yatakuwa maelezo tu. Iache ilipo, chumba kifungwe, watoto wasiingie. Asijitokeze kijana wa nyumbani kusema anajua kuifungua atoe risasi. Bunduki iliyolala miaka kadhaa bila mafuta haitabiriki, na nimewahi kuandika taarifa ya shemeji aliyejitoboa mguu kwa sababu alikuwa na uhakika haina kitu.

Nenda kwanza kituoni mikono mitupu. Nenda na mama, au na yule mliyemteua kuwa msimamizi wa mirathi, na mchukueni mwenyekiti wa kijiji awe shahidi. Bebeni cheti cha kifo, leseni ya marehemu, na barua ya usimamizi wa mirathi kama mahakama ilishaitoa. Mwelezeni mkuu wa kituo: baba alikuwa na silaha halali, amefariki, silaha ipo nyumbani, tunataka kuikabidhi. Ombeni askari waende kuichukua wenyewe. Kabla hamjaondoka hakikisheni mambo mawili: taarifa imeandikwa na mmepewa namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha kituo, na kuna karatasi ya makabidhiano yenye aina ya silaha, namba yake, idadi ya risasi, na jina la aliyepokea. Kwa kuwa muda umepita mrefu tangu 2021, ningekuwa mimi ningetafuta na wakili anisindikize. Mtu aliyejileta mwenyewe haangaliwi kama aliyekutwa nayo, lakini ni vizuri maneno yenu yaandikwe sawasawa tangu siku ya kwanza. Serikali pia hutangaza mara kwa mara vipindi vya msamaha vya kusalimisha silaha kwa hiari, na kikitangazwa mtakisikia redioni. Msikingoje.

Ikishafika ghala la polisi bunduki haijapotea. Mmoja wenu anaweza kuomba leseni yake mwenyewe kwa ajili ya silaha hiyo, au familia ikaomba iuzwe kwa mtu mwenye ruhusa. Lakini huyo mmoja atapita njia ileile anayopita mwombaji mwingine yeyote, na njia yenyewe ndiyo hii ninayokuja nayo.

Tuje Marekani, kwa ufupi, maana video hizo zimenisumbulia watu wengi. Kule hakuna kibali kimoja. Kila jimbo lina utaratibu wake, na zaidi ya nusu ya majimbo leo hayamdai mtu mzima kibali chochote ili abebe bastola kwa kificho. Vermont haijawahi kudai hata siku moja. Katiba yao ina kifungu cha silaha tangu 1791, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika shauri la Bruen, iliifuta sheria ya New York iliyokuwa inamtaka mwombaji aonyeshe sababu maalumu ya kubeba bastola hadharani. Yaani kumuuliza raia "wewe unaihitaji kwa nini hasa?" kulionekana ni kumnyima haki yake ya kikatiba.

Kwetu swali hilo ndilo moyo wa jambo zima. Katiba yetu haina haki ya silaha. Kuna ombi, na kuna ruhusa inayotolewa au kunyimwa, na iliyotolewa inaweza kufutwa. Hatuna kibali kinachoitwa cha kubeba kwa kificho. Tuna leseni ya kumiliki silaha, na kuificha unapotembea nayo ni adabu na usalama wa kawaida, maana atakayeiona kiunoni kwako mnadani ndiye atakayekuja kuitafuta usiku. Kwa hiyo ukienda kituoni ukasema "nataka kibali cha kubeba kwa kificho," askari wa zamu atakukodolea macho, na huenda akakuandika kichwani kama mtu aliyetazama sinema nyingi. Sema unaomba leseni ya kumiliki bastola kwa ajili ya ulinzi wako na wa biashara.

Unaanzia kijijini kwako. Hapo watu huniuliza, kwa nini nisiende moja kwa moja kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, namfahamu? Kwa sababu OCD hajui unaishije. Kijiji kinajua. Unaandika barua ya maombi, inapita serikali ya kijiji na kamati yake ya ulinzi na usalama, inapanda kata, kisha inafika polisi wilaya, kwenu Mbarali ni Rujewa. Polisi wanakuhoji, wanachukua alama za vidole, wanaangalia kama una kumbukumbu ya uhalifu. Jalada linakwenda kwenye Kamati ya Usalama ya Wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya. Likitoka hapo linapanda mkoa, na mwisho linamfikia Msajili wa Silaha makao makuu ya Jeshi la Polisi. Kila ngazi inaweza kuandika hapana, na hapana ya chini ni nzito kuliko ya juu. Nimeona majalada ya watu wenye fedha na wenye majina yakikwama kwa sababu ya sentensi moja ya mtendaji wa kijiji: "Mwombaji ana ugomvi wa mpaka wa shamba na jirani yake." Nani atampa bastola mtu mwenye ugomvi wa mpaka?

Masharti ya msingi ni rahisi kuyasema. Uwe umetimiza miaka 25, kwa hiyo wewe umevuka. Uwe na akili timamu. Usiwe mlevi wala mtumiaji wa dawa za kulevya. Usiwe umetiwa hatiani kwa makosa ya vurugu au ya silaha. Uwe unaijua silaha unayoiomba, maana sheria ya 2015 inataka mtu awe na uthibitisho wa umahiri, na uthibitisho huo unatokana na mafunzo. Uwe na mahali salama pa kuihifadhi, yaani kasha la chuma lililofungwa ukutani au sakafuni, ambalo askari atakuja kuliona kwa macho yake. Droo ya meza ya dukani haihesabiki.

Kuwa mwanamke hakukuzuii. Nimeshughulikia maombi ya akina mama wachache, na kusema kweli majalada yao mara nyingi yalikuwa safi kuliko ya wanaume. Jiandae tu kwamba kijijini watamuuliza mumeo, na watauliza majirani kuhusu mumeo.

Barua ndiyo inayobeba sababu yako, na wengi huiharibu hapo. Wanaandika: "Naomba silaha kwa ajili ya kulinda maisha yangu na mali zangu." Barua za namna hiyo nimezisoma mpaka zikanichosha. Kila Mtanzania ana maisha na wengi tuna mali, ukiwa na kuku watano una mali. Kamati inataka kujua wewe una hatari gani ambayo jirani yako hana. Eleza biashara yako kwa jina lake na leseni yake, TIN yake, una miaka mingapi ndani yake. Eleza mzunguko wa fedha, na uambatanishe taarifa ya benki au ya laini ya uwakala ili maneno yako yawe na miguu. Taja vijiji unavyokwenda kununua na umbali wake kutoka lami. Kama uliwahi kuvamiwa, au kufuatwa, au kutishwa kwa simu, toa namba ya RB ya siku hiyo. Hukuripoti? Basi kwa macho ya kamati halikutokea. Tukio la mwenzako litaje, lakini lisiwe nguzo ya barua, kwa sababu limempata yeye. Halafu, na hili wengi hawalifanyi, eleza umeshajaribu nini kingine ili kujilinda na kwa nini hakikutosha. Aya hiyo moja humfanya mjumbe wa kamati aache kuchezea simu.

Kama ukikubaliwa unanunua kwa muuzaji mwenye leseni, silaha inasajiliwa kwa namba yake, inaandikwa kwenye leseni yako. Usinunue kwanza ukaomba baadaye. Wala usikubali bastola ya "jamaa anayehama" kwa bei ya chee. Leseni ina tarehe yake ya mwisho na ada yake ya kuhuisha, na ikipita tarehe uko palepale alipo mama yako leo. Wakati mwingine polisi hutangaza uhakiki, kama ule wa nchi nzima wa mwaka 2016, ambapo kila mwenye silaha alitakiwa kuileta ionekane. Malipo yote ya Serikali yana kontrol namba. Atakayekwambia kuna njia ya mkato na umtumie kwenye laini yake ni kishoka, hata kama amekupokea akiwa amekaa ndani ya geti la kituo.

Muda? Hesabu miezi mingi, usihesabu wiki. Kamati zinakaa kwa ratiba zake, na jalada lako ni moja kati ya mengi. Kwa mavuno ya msimu huu usiiweke bastola kwenye mipango kabisa.

Na ule mpango wako wa mume kubaki nayo dukani ukiwa Dar uondoe kabisa kichwani na kwenye barua. Silaha yako ni ya mikono yako. Ukimwachia mume, umemwachia silaha bila leseni, na wewe umevunja masharti ya leseni yako. Hata mlinzi wako wa usiku, hata mwanao wa chuo aliyepita JKT. Ukisafiri bila silaha inabaki ndani ya kasha na ufunguo unasafiri na wewe, au unaomba kituo cha polisi wakuhifadhie. Mume akitaka awe nayo, aombe yake, na kijiji kitamjadili yeye.

Sasa nikae kidogo kwenye jambo ambalo video hazikukuonyesha. Tuseme umepata bastola. Jioni unatoka mashambani, vijana wawili wanatokeza kwenye matete ya mfereji. Sheria inasema nini?

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya 18, 18A, 18B na 18C, inakupa haki ya kujilinda wewe, kumlinda mwingine, na kulinda mali yako. Haki ipo na ni pana kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu inagusa hata mali. Ila 18B inaweka kipimo: unaruhusiwa nguvu ya kiasi tu, ile inayohitajika kwa kujilinda. Ukizidisha, unawajibika kwa kosa litakalotokana na ule uzidishaji. Na ukiua kwa kuzidisha, kosa lako ni kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Kifungu cha 18C kinakulinda hata pale kifo kinapotokea, iwapo ulitenda kwa nia njema na uliamini kwa sababu za msingi kwamba usipofanya hivyo utakufa au utajeruhiwa vibaya, wewe au mtu mwingine.

Weka maneno hayo kwenye mfereji. Kijana anakujia na panga limeinuliwa, hatua nne. Hapo 18C inaongea na wewe. Kijana huyohuyo ameshachukua mkoba, amekupa mgongo, anakimbia kwenye majaruba na milioni zako kumi. Hapo ukimpiga, hakimu atauliza: panga lilikuwa linakutishia vipi ukiwa unamwona kisogo? Tofauti ya picha hizo mbili ni sekunde tatu, na ndizo sekunde ambazo hasira inakuwa juu kuliko zote. Sijawahi kumwona mwenye bastola aliyeniambia alikuwa ametulia wakati huo. Hata ukiwa umetenda sawa kabisa, bastola inachukuliwa kama kielelezo, wewe unaandika maelezo, pengine unalala ndani upelelezi ukianza, na msimu wa mpunga hautakusubiri.

Kuna jingine dogo kuliko hilo na linatokea mara nyingi zaidi: silaha kuibwa. Nitakupa kisa kimoja, bila jina. Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, maeneo ya Makambako, alipata leseni yake kihalali. Akafikia nyumba ya wageni akiwa safarini, akaiweka bastola ndani ya begi chini ya kitanda, akatoka kwenda kula. Aliporudi begi halikuwepo. Bahati yake aliripoti usiku uleule, maana silaha ikipotea unatakiwa kuripoti mara moja. Aliyengoja mpaka kesho kutwa "aitafute kwanza kimyakimya" namfahamu pia, na hadithi yake ni mbaya kuliko hii. Huyu wa Makambako aliitwa na kuhojiwa mara sijui ngapi. Kila uporaji ukitokea kwenye barabara kuu ile, simu yake inalia. Aliniambia: Afande, zamani nilikuwa naogopa kuporwa, siku hizi naogopa kuporwa kwa mtu mwingine.

Nisikukatishe tamaa. Wapo waliostahili leseni, na nilipeleka majalada yao juu kwa moyo mweupe: mtu wa dhahabu Chunya anayelala porini, mwenye kituo cha mafuta kilicho peke yake kilomita nyingi kutoka mjini. Wewe uko katikati. Kamati ikinihoji, ningesema hatari yako ni ya kweli lakini ni ya miezi michache kwa mwaka, na chanzo chake kinajulikana: ni mkoba.

Tuutazame huo mkoba. Mbarali nzima inajua kwamba mpunga ukianza kuvunwa, kuanzia Mei hivi, wanunuzi wanatoka asubuhi na fedha na wanarudi jioni na magunia. Waporaji hawakuoti. Wanachorewa na mtu anayejua unatoka saa ngapi, kwa pikipiki ya nani, na jana ulitoa kiasi gani. Katika kesi nyingi za namna hii zilizopita mezani kwangu, mchoro ulitoka ndani ya hatua ishirini za duka: mbeba magunia, dereva wa bodaboda wa kila siku, ndugu aliyenyimwa mkopo. Bastola haimzuii huyo. Inamwongezea taarifa moja tu ya kupeleka kwa wenzake, nao watakuja watatu badala ya wawili, na watakuvamia kwa nyuma.

Wewe ni wakala wa miamala, mwanangu, na unanunua mpunga kwa noti! Najua utaniambia mkulima hataki kulipwa kwa simu kwa sababu ya makato. Basi fanya wanavyofanya wenzako: tuma na ya kutolea. Pigia hesabu. Ukichukua makato ya kutoa kwa mkulima mmoja mmoja msimu mzima, ukayaweka upande mmoja, na fedha alizonyang'anywa mwenzako upande wa pili, utaona ipi ni ghali. Wapo wazee watakaogoma, hao wabebee noti zao, lakini sasa mkoba una laki nane badala ya milioni nane, na hakuna anayepanga safari ya mapanga kwa laki nane kama alivyopanga kwa milioni. Lipa malipo ya awali shambani na salio mashineni, mbele ya mizani, mkulima akiwa amekuja na mzigo wake. Badilisha saa ya kutoka na badilisha dereva. Kutoa fedha benki usifanye siku ya mnada. Siku ambayo huna budi kubeba kiasi kikubwa, pita kituoni uombe kusindikizwa. Polisi wenyewe huwahimiza wafanyabiashara waombe, na ni wachache mno wanaoomba. Wanunuzi wanne mkichangia gari moja na mlinzi mmoja wa kampuni ya ulinzi mwenye silaha yake halali, mzigo wa leseni na wa kasha na wa lawama unabaki kwa kampuni.

Fanya hayo msimu huu mmoja, na kila unalofanya liandike tarehe. Mwakani kama bado unaona bastola inahitajika, yale maandishi ndiyo ile aya niliyokwambia, ya umejaribu nini na kwa nini hakikutosha. Hapo uje tuiandike barua pamoja, na nitakuwa upande wako.

Lakini Chimala usingoje msimu. Nenda wiki hii. Kaa na mama kwanza, mweleze taratibu, maana akisikia neno polisi atadhani mnamtuhumu marehemu. Mwambie bunduki inapelekwa mahali inapotunzwa, na jina la baba litaandikwa kwenye karatasi kama mmiliki halali aliyefariki. Kisha mwombe akutafutie ile leseni. Wazee wengi wa umri wa baba yako niliowahudumia walikuwa wakiikunja na kuitia ndani ya Biblia, au kwenye bati la biskuti pamoja na kadi za kliniki za watoto. Anzieni hapo.